Ateri Kuu za Moyo Zilizopishana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamewalenga wazazi, jamaa na wahudumu wa afya wanaokutana na mtoto mchanga ambaye ateri kuu za moyo wake, yaani mishipa mikubwa inayoitoa damu moyoni, zimechomoza mahali pasipo pake. Sehemu kubwa inahusu hali moja, ile ya ateri mbili kuu kupishana, kwa sababu ndiyo inayodai uamuzi wa haraka na ndiyo inayotibika vizuri ikiwahiwa. Hali nyingine za ukoo huo zimeelezwa kwa ufupi kuelekea mwisho.

Ateri kuu ni zipi, na kwa kawaida hutoka wapi?

Moyo una vyumba vinne: viwili vya juu vinavyopokea damu, na viwili vya chini, yaani ventrikali, vinavyoisukuma. Ventrikali ya kulia huisukuma damu iliyokwisha kutumika iende mapafuni kupitia ateri ya mapafu. Ikishachukua oksijeni huko hurudi upande wa kushoto wa moyo, na ventrikali ya kushoto huisukuma kupitia aota iende kichwani, mikononi, tumboni na miguuni. Aota na ateri ya mapafu ndizo ateri kuu. Katika moyo uliokamilika haziendi sambamba kama reli, bali moja hukatiza mbele ya nyingine mara tu zinapotoka moyoni.

Kupishana kwake ni kupi hasa?

Aota huota kwenye ventrikali ya kulia, na ateri ya mapafu kwenye ventrikali ya kushoto. Damu iliyotoka mwilini bila oksijeni hurudishwa mwilini vilevile ilivyo, na ile iliyotoka mapafuni ikiwa imejaa oksijeni hurudishwa mapafuni. Ni kama nyumba ambayo fundi bomba amekosea kuunga mabomba, maji yaliyokwisha kuogewa yakawa yanarudi bombani, na maji safi yakawa yanazunguka kwenye tangi lake bila tone kufika jikoni. Kila pampu inafanya kazi, kila bomba ni zima, ila viungio ndivyo vilivyokosewa.

Mtoto wa namna hii huishi kwa kadiri mizunguko hiyo miwili inavyochanganyika. Ndiyo maana tundu kati ya vyumba vya moyo, ambalo kwa watoto wengine ni ugonjwa, kwa huyu ni uhai. Mzazi anayeambiwa na daktari kwamba «bahati nzuri ana tundu» asidhani amesikia vibaya.

Hali hii hutokea mara ngapi?

Takriban mtoto 1 kati ya kila 100 wanaozaliwa hai huwa na kasoro fulani ya moyo, nyingi zikiwa ndogo. Ateri kuu zilizopishana ni takriban asilimia 5 ya kasoro hizo, na watoto wa kiume hupatwa zaidi kuliko wa kike, takriban wawili kwa mmoja.

Mbona alizaliwa mzima, akalia na kunyonya, kisha siku ya pili akabadilika?

Swali hili huulizwa kwa uchungu, na mara nyingi hufuatwa na shaka kwamba kuna kosa lililofanyika wodini. Akiwa tumboni mtoto hategemei mapafu yake, kwani oksijeni huletwa na kondo la nyuma. Mwili wake una njia mbili za mkato: mwanya katikati ya vyumba vya juu vya moyo, na mshipa mfupi unaounganisha aota na ateri ya mapafu. Kupitia njia hizo damu huchanganyika vya kutosha, na mtoto mwenye ateri zilizopishana hukua tumboni kama wenzake, mara nyingi akazaliwa na uzito mzuri kabisa.

Akishazaliwa na kuanza kuvuta hewa, mshipa ule mfupi huanza kusinyaa, na kwa kawaida hujifunga ndani ya siku mbili au tatu. Mwanya nao hupungua. Kwa mtoto mwenye moyo wa kawaida huo ni ukuaji. Kwa mtoto huyu ni milango miwili inayofungwa huku yeye akiwa ndani. Kwa hiyo hakuna aliyemwangusha wala aliyemkosea. Ugonjwa ulikuwapo tangu mwezi wa pili wa ujauzito, ukisubiri milango ifungwe.

Dalili zake huonekanaje kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi?

Vitabu vingi husema mtoto huwa wa buluu, na maelezo hayo yamewapotosha wengi, kwa sababu kwenye ngozi nyeusi buluu hiyo haionekani mashavuni wala kifuani. Tazama ulimi, fizi na upande wa ndani wa midomo, ukiwa mahali penye mwanga wa mchana, si chini ya taa ya njano. Ulimi wa mtoto mwenye afya ni wa waridi. Wa mtoto huyu hufanana na wa mtoto aliyetoka kula zambarau. Kucha pia huweza kuwa na rangi hiyo, lakini mikono na miguu ya kichanga huwa na weusi wa baridi hata akiwa mzima, hivyo ulimi ndio shahidi wa kuaminika.

Dalili nyingine ni kupumua haraka, kuchoka kabla ya kumaliza kunyonya, kutoka jasho kichwani wakati wa kunyonya, na baridi ya mwili isiyoisha hata akifunikwa. Jambo la kushangaza ni kwamba daktari akisikiliza kifua huenda asisikie mlio wowote wa ajabu, na moyo usio na mlio haumaanishi moyo usio na kasoro.

Aliwekewa oksijeni lakini rangi haikubadilika. Mashine ilikuwa mbovu?

Si lazima. Oksijeni ya mpira wa puani huingia mapafuni, na damu inayopita mapafuni mwa mtoto huyu tayari imejaa oksijeni ila haipati njia ya kutoka kwenda mwilini. Mtoto ambaye weusi wake wa ulimi hauondoki hata akipewa oksijeni nyingi, huku mapafu yake yakisikika safi, anapaswa kuhesabiwa kuwa mgonjwa wa moyo mpaka ithibitike vinginevyo.

Nyumbani wanasema ni degedege, au ni kimeo. Tufanye nini?

Heshima kwa wazee ni jambo jema, na mara nyingi wao ndio wanaokuwa wa kwanza kutambua kwamba mtoto hayuko sawa. Hata hivyo, kukata kimeo au kung'oa yale yaitwayo meno ya plastiki hakuongezi oksijeni hata chembe. Badala yake hufungua jeraha kinywani, damu nyingi huweza kumwagika kutoka kwa kiumbe ambaye damu yake yote, akiwa na kilo 3, haijazi chupa moja ya soda ya mililita 300, na vijidudu vya kinywani huweza kuingia kwenye damu na kushambulia kuta za moyo. Bibi akisisitiza, mwonyesheni ulimi wa mtoto na wa mtoto mwingine mzima kwa pamoja. Kulinganisha huko hushawishi kuliko mabishano.

Kile kimashine cha kubana kidoleni kinaweza kugundua hali hii?

Kinaweza, na kwa maoni yangu hakuna kipimo cha bei nafuu kinachostahili kuwa katika kila wodi ya wazazi kuliko hicho. Muuguzi hukibana kwenye kiganja cha mkono wa kulia wa mtoto, husubiri namba inayoonyesha kiwango cha oksijeni kwenye damu itulie, kisha hukihamishia kwenye mguu wowote. Kipimo hufanywa mtoto akiwa amefikisha saa 24, au kabla ya ruhusa ya kwenda nyumbani ikiwa mama anaondoka mapema, jambo ambalo ndilo la kawaida kwetu. Asilimia 95 au zaidi, na tofauti kati ya mkono na mguu isiyozidi 3, ni majibu mazuri. Chini ya asilimia 90 mahali popote humtaka daktari papo hapo. Namba za katikati hurudiwa baada ya saa moja. Katika miji ya nyanda za juu kama Nairobi na Mbeya namba za watoto wazima huweza kuwa chini kidogo kwa sababu hewa ni nyepesi, na wahudumu wa huko hulijua hilo.

Mkono wa kulia ndio unaochaguliwa kwa kuwa mshipa wake huchomoka kwenye aota kabla ya ule mshipa mfupi kuungana nayo. Kwa baadhi ya watoto wenye ateri zilizopishana, mguu huonyesha namba kubwa kuliko mkono. Kinyume hicho cha mambo hakionekani karibu popote pengine, na muuguzi anayekiona asidhani kimashine kimeharibika.

Uthibitisho wenyewe hutolewa na eko, yaani ultrasaundi ya moyo. Haiumizi wala haitoi mionzi.

Kwa nini ultrasaundi ya ujauzito haikuonyesha kitu?

Kwa sababu mpimaji aliyeangalia vyumba vinne tu aliona vyumba vinne vizuri. Kasoro haiko kwenye vyumba bali juu yake, ateri zinakochomoza. Kati ya wiki ya 18 na ya 22, mpimaji aliyefunzwa hupandisha kifaa kidogo kuelekea kichwa cha mtoto na kutazama kama ateri hizo mbili zinakatizana. Zikionekana kwenda sambamba, ndipo shaka huanza. Mama aliyegundulika mapema hupangiwa kujifungulia karibu na hospitali yenye huduma ya moyo. Kasoro hii pekee haimlazimishi kujifungua kwa upasuaji.

Je, nilifanya kosa wakati wa ujauzito?

Kwa familia nyingi jibu ni hapana, na halina masharti. Moyo huumbwa kati ya wiki ya tatu na ya nane, wakati ambapo wanawake wengi hata hawajajua kwamba wana mimba. Mwanzoni ateri hizo mbili ni shina moja. Ukuta hujitokeza ndani yake na kuligawa huku ukijisokota kama kamba, na kusokotwa huko ndiko kunakoipeleka kila ateri kwenye ventrikali yake. Inaaminika kwamba kwa watoto hawa msokoto haukukamilika.

Kisukari cha mama kilichokuwapo kabla ya mimba na ambacho hakikudhibitiwa huongeza hatari waziwazi, na baadhi ya dawa, kama zile za kifafa zenye valproeti, zinahitaji kujadiliwa na daktari kabla ya kushika mimba, wala zisiachwe ghafla bila ushauri. Kunyoosha mikono juu, kula udongo, kugombana na mawifi au kutazama kupatwa kwa mwezi hakuhusiani na msokoto huo kwa namna yoyote. Uwezekano wa mtoto anayefuata kupata kasoro ya moyo huongezeka kidogo, lakini hubaki asilimia chache tu.

Hospitali hufanya nini kwanza?

Huzuia milango isifungwe. Dawa iitwayo prostaglandini, inayopitishwa mshipani kwa dripu bila kukatizwa, huuacha wazi mshipa ule mfupi. Inaweza kumfanya mtoto apate homa au asahau kupumua kwa sekunde kadhaa, kwa hiyo hakai nayo bila mtu wa kumwangalia, na wakati wa rufaa husafiri na mhudumu anayeweza kumsaidia kupumua. Dawa hii haipatikani katika kila hospitali, na ni busara daktari anayetoa rufaa apige simu kwanza.

Mwanya wa juu ukiwa mdogo mno, huhitaji kupanuliwa. Mwaka 1966 daktari William Rashkind wa Philadelphia, Marekani, alionyesha kwamba mrija mwembamba wenye puto nchani unaweza kupitishwa kwenye mshipa wa paja hadi chumba cha juu cha kushoto, puto likajazwa, kisha likavutwa kwa mshtuko mmoja hadi upande wa kulia likipasua ukuta njiani. Siku hizi hufanyika hata kitandani kwa mtoto, daktari akiongozwa na picha ya eko, na katika dakika chache ulimi hubadilika rangi mbele ya macho ya waliosimama pale. Si tiba, ni kununua muda.

Upasuaji wenyewe hufanywaje?

Kwa muda mrefu madaktari walijua la kufanya ila hawakuweza. Kubadilisha ateri mbili kubwa si tatizo. Tatizo ni ateri ndogo zinazoulisha moyo wenyewe, ambazo huchomoka kwenye shina la aota na kwa kichanga zina upana wa milimita 1 hadi 2 tu. Ukiihamisha aota ukaziacha, moyo hufa njaa. Kwa hiyo Åke Senning wa Sweden mwishoni mwa miaka ya 1950, na William Mustard wa Toronto mwaka 1963, walizunguka tatizo: waliziacha ateri zilipo, wakageuza mikondo ya damu ndani ya vyumba vya juu ili damu safi ielekezwe kwenye ventrikali iliyobeba aota. Watoto walipona, lakini ventrikali ya kulia ilibaki na kazi ya maisha yote ambayo haikuumbiwa.

Mwaka 1975 huko São Paulo, Adib Jatene, Mbrazili mwana wa mhamiaji kutoka Lebanoni, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri wa afya wa nchi yake, alifanikiwa kwa mara ya kwanza kuzirudisha ateri zenyewe. Njia hiyo, pamoja na marekebisho yaliyofuata, ndiyo inayotumika leo. Mtoto huunganishwa na mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu. Aota na ateri ya mapafu hukatwa juu kidogo ya vali zake, yaani vizibo vinavyoizuia damu isirudi moyoni. Kila ateri ndogo ya moyo hukatwa pamoja na kipande cha ukuta unaoizunguka, kama kifungo kinachokatwa shatini na kitambaa chake, kisha hushonwa kwenye shina litakalokuwa la aota mpya. Ateri ya mapafu huletwa mbele, aota nyuma, zinaunganishwa kwa kubadilishana, na mapengo yaliyoachwa na vile vifungo huzibwa kwa kiraka cha ngozi laini inayofunika moyo wa mtoto mwenyewe. Mwanya na mshipa mfupi, ambavyo hadi dakika hiyo vilikuwa vikilindwa kwa kila hali, sasa hufungwa.

Katika vituo vyenye uzoefu zaidi ya watoto 95 kati ya 100 huvuka salama. Bila matibabu yoyote, takriban nusu hufariki ndani ya mwezi wa kwanza, na walio wengi hawafikishi mwaka.

Kwa nini haraka kiasi hicho? Hatuwezi kusubiri akue kidogo, tuchangishe fedha?

Kusubiri ndiko kunakoharibu. Ventrikali ya kushoto ya mtoto huyu inasukuma damu mapafuni, ambako hakuna ukinzani mkubwa, na msuli usiopewa kazi nzito hulegea. Baada ya wiki mbili hadi tatu za kwanza hulegea kiasi kwamba ikikabidhiwa ghafla kazi ya kuulisha mwili mzima inaweza kushindwa. Mtoto aliyechelewa hakosi tiba moja kwa moja: huweza kufanyiwa upasuaji mdogo wa kuibana ateri ya mapafu ili ventrikali ifanye mazoezi, au kufanyiwa ule wa Senning. Lakini njia inakuwa ndefu na ya hatari zaidi. Mwenye tundu kubwa kati ya ventrikali huwa na nafasi ndefu kidogo, kwa miezi michache, kabla mishipa ya mapafu haijaharibiwa na shinikizo.

Kwa sababu hiyo, harambee iendelee huku mtoto akiwa hospitalini, si nyumbani. Hospitali kubwa za rufaa huwa na ofisi ya ustawi wa jamii, na ni vyema kuitembelea siku ile ile ya kulazwa badala ya siku ya kuletewa hesabu.

Huduma za moyo wa watoto zinapatikana wapi Afrika Mashariki?

Tanzania ina Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2015. Nairobi, Hospitali ya Mater imejulikana kwa miaka mingi kwa programu yake ya moyo ya watoto, na Kampala kuna Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago. Baadhi ya watoto wa Tanzania Bara na Zanzibar wametibiwa nje kupitia misaada ya kimataifa. Aina ya upasuaji unaowezekana wiki fulani hutegemea wataalamu na vifaa vilivyopo, hivyo swali la kwanza la simu liwe kama kituo kinaweza kumpokea kichanga mwenye ateri zilizopishana sasa hivi.

Kuna kasoro nyingine za ateri kuu zinazochanganywa na hii?

Zipo. Shina moja lisilogawanyika ni hali ambapo aota na ateri ya mapafu hazikutengana kabisa. Mapafu hufurika damu, mtoto huhema na kushindwa kuongezeka uzito ndani ya wiki chache, na mrija anaowekewa wakati wa upasuaji huhitaji kubadilishwa anapokua kwa kuwa mrija haukui. Katika hali nyingine ateri zote mbili hutoka ventrikali ya kulia, na matibabu hutegemea tundu liko karibu na ateri ipi. Ugonjwa wa Fallot, ambao pia hufanya ulimi kuwa zambarau, ni jambo tofauti: njia ya kwenda mapafuni ni nyembamba, na mara nyingi upasuaji wake huweza kusubiri miezi.

Ya ajabu zaidi ni ile ambayo ateri zimepishana na ventrikali nazo zimepishana, makosa mawili yakarekebishana, damu ikaenda inakotakiwa. Mtu huweza kufika utu uzima bila kujua, mpaka siku mapigo ya moyo yanapopungua mno au ventrikali ya kulia, iliyobeba kazi ya kushoto miaka yote, inapochoka.

Baada ya upasuaji ataishi kama wenzake?

Wengi huenda shule, hucheza mpira na hukua vizuri. Wanahitaji eko ya mara kwa mara kwa maisha yote, kwa sababu mahali palipoungwa kwenye ateri ya mapafu huweza kuwa pembamba, shina la aota huweza kutanuka, na zile ateri ndogo zilizohamishwa hustahili kukaguliwa. Baadhi ya watoto huchelewa kidogo kuzungumza au kujifunza, na mwalimu akiambiwa mapema husaidia. Chanjo zote zitolewe. Meno yapigwe mswaki kila siku, na daktari wa meno aambiwe habari za moyo kabla hajagusa kitu.

Msichana aliyefanyiwa upasuaji wa kurudisha ateri mara nyingi huweza kubeba mimba salama akisimamiwa na daktari wa moyo; aliyefanyiwa ule wa Senning au wa Mustard ana hatari kubwa zaidi na apimwe kabla ya kushika mimba. Karatasi ya upasuaji, yenye jina kamili la kilichofanyika na tarehe yake, inakiliwe na kuhifadhiwa pamoja na cheti cha kuzaliwa, maana daktari atakayemhudumia akiwa na miaka 30 hataweza kulisoma kovu la kifuani na kujua ni njia ipi iliyotumika.